Homa ya Mbu na Kitanda cha Ndoa: Panya wa Maabara Wametwambia Nini?



Ndugu wasomaji, makala hii imetokana na suali nililoulizwa barazani Kilwa Masoko baada ya swala ya Alasiri. Mzee mmoja aliyewahi kuvua miaka mingi Kivinje alinivuta pembeni, akasubiri watu wapungue, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Ustadh, nyumbani kwetu pana talaka inanukia, na sababu yake ni homa."

Kisa chenyewe ni hiki. Mpwa wake ni baharia. Alirudi kutoka safari ndefu akiwa na homa, vipele na maumivu ya viungo. Kipimo cha malaria hakikuonesha kitu. Akapona baada ya siku chache. Wiki mbili baadaye mkewe, ambaye hakutoka nje ya mji, akashikwa na homa ile ile, vipele vile vile. Ikawa mtu mmoja katika ukoo amesikia kwamba siku hizi kuna homa ya mbu inayopita kwa tendo la ndoa. Kuanzia hapo neno likageuka. Homa ya mbu ikawa "maradhi ya zinaa". Kaka zake mke wakataka dada yao arudi nyumbani, na mama wa mume naye akasema kama ni zinaa basi huenda aliyeanza si mwanawe. Mzee alitaka kujua mambo mawili: je, khabari ile ya kitabibu ni ya kweli? Na kama ni kweli, inathibitisha nini kisheria?

Nilimjibu kwa ufupi siku ile, na nikamuahidi kuandika kwa urefu, kwa sababu naamini si nyumba yake tu.

Tuanze na khabari yenyewe. Ni ya kweli, lakini kwa kirusi kimoja tu kwa uwazi, nacho ni cha Zika. Jina hilo ni la msitu ulio karibu na Entebbe, Uganda. Mwaka 1947 watafiti waliokuwa wakitafuta homa ya manjano waliweka kima kwenye vizimba juu ya miti ya msitu ule. Mwezi Aprili kima aliyepewa namba 766 alipata homa. Maji ya damu yake yakadungwa kwa panya weupe wa maabara, panya wakaugua, na humo kikapatikana kirusi ambacho hakikuwa kikijulikana. Januari 1948 kikapatikana pia ndani ya mbu wa msitu huo huo. George Dick, Stuart Kitchen na Alexander Haddow walitangaza matokeo hayo mwaka 1952, na mwaka huo huo damu za wakaazi wa Uganda na Tanganyika zilikutwa na kingamwili za kirusi hicho. Kwa hiyo si maradhi yaliyoletwa na meli juzi. Yamekuwa katika nchi zetu kwa muda mrefu, bila ya watu kuyatofautisha na homa nyingine.

Kwa miaka sitini hakuna aliyefikiria kitanda cha ndoa. Mwaka 2008 mtafiti mmoja wa Marekani alirudi nyumbani kwake Colorado kutoka Senegal, alikokuwa akikusanya mbu. Akaugua, akaona damu katika manii yake. Siku chache baadaye mkewe akaugua homa kama yake, ilhali hakuwa amesafiri popote na eneo lao halina mbu wa aina ile. Kisa kilichapishwa mwaka 2011, na wengi walikisoma kama jambo la ajabu tu. Angalieni, ndugu zangu: kisa cha kwanza kuandikwa duniani cha homa hii kupita kwa njia hiyo kilikuwa cha mume na mke wake, ndani ya nyumba yao, kutokana na mbu aliyemuuma mume kazini.

Halafu ikaja Brazil mwaka 2015, na watoto wanaozaliwa na vichwa vidogo kwa sababu mama zao waliambukizwa wakiwa wajawazito. Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura tarehe 1 Februari 2016, likaiondoa Novemba mwaka huo huo. Hapo ndipo suali la kitanda likawa kubwa, kwani kama mume anaweza kumuambukiza mke mjamzito wiki kadhaa baada ya yeye kupona, basi chandarua peke yake hakitoshi kumlinda mtoto.

Lakini utajuaje? Ukimuona mke ameugua katika mji wenye mbu, huwezi kusema kwa yakini kama ni mbu au ni mume. Wala haijuzu, si kwa Sheria yetu wala kwa maadili ya madaktari, kumuambukiza mtu makusudi ili utazame. Ndiyo maana watafiti walirudi kwa panya na kima.

Majaribio yaliyo wazi zaidi yalichapishwa mwaka 2017 na watafiti wa Kituo cha Kudhibiti Maradhi cha Marekani. Walitumia panya walioondolewa sehemu ya kinga ya mwili, kwa sababu panya wa kawaida hukishinda kirusi hiki upesi. Madume wakaambukizwa, kisha wakawekwa na majike wazima. Kirusi hai kilionekana katika manii kuanzia siku ya 7 hadi ya 21. Masalia ya vinasaba vyake yakaendelea kuonekana hadi siku ya 58. Nusu ya majike waliopandwa waliambukizwa, na baadhi ya mimba zao zikaonekana na kirusi. Jengine lililotoka humo, ambalo nitalirejea kwenye fiqhi, ni kwamba hata madume waliofungwa mirija ya mbegu waliambukiza, ingawa kirusi katika manii yao kilikuwa kichache zaidi. Maana yake kirusi hakipandi juu ya mbegu za uzazi peke yake, bali kimo katika maji yenyewe.

Mwaka mmoja kabla, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionesha kuwa panya jike mwenye mimba akiambukizwa kwa njia ya uke, kirusi kinaweza kufika kwenye ubongo wa kijusi. Na kwa upande wa kima, kundi la watafiti wa Marekani lilikiweka kirusi katika maumbile ya kima bila ya mbu yeyote, na wengi wakaambukizwa. (Aliyeongoza kazi hiyo ni mjukuu wa yule Haddow wa Entebbe. Elimu nayo ina nasaba zake.)

Sasa tahadhari, kwani hapa ndipo watu wanapoteleza. Panya aliyeondolewa kinga si binadamu mwenye kinga. Nusu ya majike kuambukizwa maabara haina maana kwamba nusu ya wake wataambukizwa majumbani. Panya ametufundisha kwamba njia ipo, na inapitia wapi. Muda na ukubwa wake tunautafuta kwa watu wenyewe, na huo ulitafutwa: utafiti wa wanaume 184 waliougua Zika, uliochapishwa mwaka 2018, uliona vinasaba vya kirusi katika manii ya thuluthi yao hivi, na kwa wachache vilibaki zaidi ya miezi mitatu. Kirusi kilicho hai, chenye uwezo wa kuambukiza, kilipatikana kwa watu wa kuhesabu kwa vidole, na wote walikuwa ndani ya siku 30 tangu kuanza kuugua. Kwa kuchanganya haya yote, Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mwanamme aliyeugua Zika, au aliyerudi kutoka pahala penye maambukizi, ajizuie na tendo la ndoa au atumie mpira kwa miezi mitatu. Mwanamke, miezi miwili. Ikiwa mke ni mjamzito, tahadhari hiyo ni mpaka ajifungue.

Hiyo ni Zika. Je, homa nyingine za mbu? Kwa watu wa pwani ya Lindi hili ndilo suali lenye uzito zaidi, kwani homa iliyo ya nyumbani kwetu khasa ni nyingine, na jina lake limetoka kwetu.

Chikungunya ni neno la Kimakonde, likiashiria kupindika kwa mgonjwa kutokana na maumivu ya viungo. Mlipuko ulioandikwa kwa mara ya kwanza ulikuwa mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wa Makonde, upande wa Newala, ndani ya Jimbo la Kusini la Tanganyika lililojumuisha Lindi, Kilwa na Mtwara ya leo. Daktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden ndio walioandika sifa zake, na R. W. Ross akakipata kirusi kwa kudunga damu ya wagonjwa katika panya wachanga. Lumsden alizingatia jambo ambalo kila mtu wa kisiwani atalielewa mara moja. Uwanda ule hauna maji. Wanawake waliyafuata mbali, wakayabeba kwa tabu, wakayahifadhi ndani ya nyumba kwa siku nyingi. Mbu wa Aedes akazaliwa humo humo ndani, pembeni ya kitanda. Nani katika wakaazi wa visiwa vyetu asiyejua tabu ya maji matamu, na pipa lililokaa ukumbini wiki nzima?

Kutoka huko kirusi hicho kimezunguka Bahari ya Hindi kama jahazi. Mwaka 2004 kilifika Lamu, na uchunguzi wa damu ukaonesha kuwa takriban robo tatu ya watu wa mji ule waliambukizwa. Mwaka 2005 kikafika Ngazija, zaidi ya nusu ya watu wakapata. Kisha Réunion, ambako thuluthi ya wakaazi waliugua kufikia 2006. Mwaka 2025 kimerudi Réunion na wagonjwa makumi ya maelfu, na Mayotte ikafikiwa. Hivi ni visiwa vyenye ndugu zetu, na vyombo vinakwenda na kurudi.

Na hakuna ushahidi uliothibiti kwamba chikungunya huambukizwa kwa tendo la ndoa. Mama anayeugua karibu na kujifungua anaweza kumpa mtoto, na hilo lilionekana Réunion, lakini hilo ni jambo jengine. Dengue, ile ambayo wazee waliiita kidingapopo, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, ina visa vichache mno vya namna hiyo duniani kote, dhidi ya mamilioni ya wagonjwa wanaoipata kwa mbu.

Kwa hiyo nikamwambia mzee wangu: la kwanza, hatujui mpwa wako aliugua nini, na dalili za homa hizi tatu hufanana hata daktari hawezi kuapa bila ya kipimo cha maabara. La pili, linaloelekea zaidi kuliko yote ni kwamba mbu wa nyumbani alimuuma mume akiwa na homa, akakaa na kirusi siku kadhaa, kisha akamuuma mke. Wiki mbili ndiyo hesabu yenyewe. La tatu, hata ingekuwa Zika, na hata ingekuwa imepita kitandani, bado chanzo ni mbu.

Baadhi ya vijana huuliza: kama Zika ipo, mbona serikali haisemi? Historia yake ni fupi na inauma. Desemba 2016 Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, marehemu Dk. Mwele Malecela, aliwaeleza waandishi wa habari kwamba katika utafiti wa watu 533, asilimia 15.6 walionekana kuwa na maambukizi ya Zika. Upesi Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza kuwa nchi haina ugonjwa huo, na Rais Magufuli akatengua uteuzi wa mkurugenzi. Baadaye Dk. Mwele aliongoza idara ya maradhi yaliyosahauliwa katika Shirika la Afya Duniani, na alifariki mwaka 2022. Ni kweli kwamba kipimo cha damu chenye alama ya maambukizi si sawa na kutangaza mlipuko, na wizara ilikuwa na haki ya kulitenganisha hilo. Lakini tofauti hiyo ingeweza kufafanuliwa na yule yule aliyefanya utafiti. Kwa kumuondoa, watu walijifunza kunyamaza, na pengo la khabari likajazwa na minong'ono. Minong'ono hiyo ndiyo iliyofika katika nyumba ya mzee wangu ikiwa na jina la zinaa.

Tuje kwenye Sheria.

Kuugua si ushahidi. Anayemtuhumu mtu kwa zinaa anatakiwa mashahidi wanne, na asiyewaleta anastahiki adhabu yeye. Mume na mke wana njia yao ya li'ani, nayo ina kiapo na ina gharama mbele ya Allaah. Hakuna mahala katika vitabu vya fiqhi ambapo homa na vipele vimesimama pahala pa shahidi. Hata maradhi yanayojulikana kuwa ya zinaa hayathibitishi kwa yenyewe kitendo, kwani njia za kuambukizwa ni zaidi ya moja. Seuze homa iliyoletwa na mdudu. Mama mkwe aliyesema "huenda aliyeanza si mwanangu" amekaribia kaburi la maneno, na anahitaji kunasihiwa kwa upole kabla hajaendelea.

Mume anawajibika kusema. Kanuni ya kuondosha madhara ni katika nguzo za fiqhi, na kumficha mke maradhi yanayoweza kumdhuru yeye au mimba yake ni kumdhuru. Mabaharia wetu na wanaokwenda kazini nchi za mbali wakirudi na homa, au wakiwa wametoka pahala palipotangazwa Zika, wawaambie wake zao usiku ule ule. Aibu haina nafasi hapo. Mke naye hana haja ya kulipokea hilo kama kukiri dhambi.

Je, wajizuie vipi? Wengi wanafikiria azli, yaani kumwaga nje, kwa kuwa masahaba waliifanya zama za Mtume (Swalla Allaahu alayhi wa sallam) na hawakukatazwa. Wanazuoni wengi wameijuzisha, wengi wao wakashurutisha ridhaa ya mke, na katika madhehebu yetu Imam Nawawi ameitaja kuwa ni makuruhu bila ya kuwa haramu. Lakini hapa suali si kuzuia mimba. Suali ni kuzuia kirusi, na kirusi kimo katika maji yenyewe. Wale panya waliofungwa mirija wameonesha hivyo. Basi azli isitegemewe. Ama mpira, wanazuoni wa zama zetu wameukisia na azli kwa upande wa hukumu, na karaha huondoka panapokuwa na haja, na kumkinga mke na mtoto aliye tumboni ni haja iliyo wazi. Anayeweza kusubiri kabisa, na wakaridhiana, basi ni salama zaidi kwake.

Dada mmoja aliuliza kama kusubiri miezi mitatu hakumuingizi mume katika iilaa. La. Iilaa ni kiapo cha mume kwamba hatomkaribia mkewe, na muda wake wa mwisho ni miezi minne. Hapa hapana kiapo, pana makubaliano kwa sababu ya maradhi, na muda wenyewe ni mfupi kuliko huo. Bali nawasihi waume wasitamke kiapo kwa hasira au kwa mzaha katika jambo ambalo linatosha kwa maneno mazuri.

Limebaki la wanyama wenyewe, kwani wapo waliosema: je, yafaa kuwatia kima na panya maradhi namna hii? Sisi ni umma uliofundishwa kwamba mwanamke aliadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfunga bila ya chakula, na tukakatazwa kumfanya kiumbe hai shabaha ya mishale. Kwa hiyo si jambo dogo. Wanazuoni waliojuzisha majaribio ya tiba wameyafunga na masharti: pawe na haja ya kweli, pasiwe na njia nyengine, mnyama asiteswe zaidi ya lazima, na asitumike kwa mchezo. Kwa maoni yangu majaribio niliyoyataja ya mwaka 2017 yamo ndani ya masharti hayo, kwani suali lilikuwa la watoto wanaozaliwa na ulemavu, na hapakuwa na njia ya halali ya kulijibu kwa binadamu. Sitosema hivyo kwa kila jaribio linalofanywa duniani. Na aliyefaidika na jibu lililopatikana kwa tabu ya kiumbe asiyesema, kisha akalipuuza, amelifanya lile jaribio kuwa bure.

Kwa upande wa mbu, mnayajua mengi kunishinda. Nitaongeza moja tu: Aedes huuma mchana, zaidi asubuhi na kuelekea Magharibi, hivyo chandarua cha usiku ambacho ni kizuri kwa malaria humpita, isipokuwa kwa mgonjwa na mtoto wanaolala mchana. Mgonjwa wa homa alazwe ndani ya chandarua hata saa sita ya mchana, wiki ya kwanza yote, ili mbu wa nyumbani asichukue kutoka kwake. Mapipa yafunikwe kwa kitambaa na kusuguliwa ndani kila wiki, kwani mayai hugandia ukutani hata maji yakikauka. Vifuu vya nazi vigeuzwe au vichomwe. Na ngalawa zilizopandishwa pwani zikisubiri msimu zipinduliwe. Nimeona moja Kivinje imejaa maji ya mvua na viluwiluwi wanacheza ndani yake kama samaki.

Mzee alinipigia simu baada ya wiki mbili. Wanandoa wale wamekwenda kupima pamoja, majibu bado. Kaka zake mke wamemrudisha dada yao kwa mumewe.

Wallaahu a'lam.